‘Bure’, ‘Huria’ na ‘Ku Buntu’: Lugha ya Kuhamia Mfumo Endeshi Huria kwa Wachezaji wa Michezo ya Kompyuta Jijini Kigali

Ikisiri

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta nyingi zinazoutumia mfumo huo hazikidhi masharti ya Windows 11, ingawa bado ni nzima. Makala haya yanaeleza ni kwa kiasi gani mchezaji wa michezo ya kompyuta jijini Kigali anaweza kuhamia mfumo endeshi huria wa Linux bila kupoteza michezo yake, mipaka ya uhamaji huo ni ipi, na lugha ina nafasi gani katika uamuzi huo. Hoja kuu ni kwamba vikwazo vya kiufundi vimepungua sana tangu 2018, lakini istilahi ambazo mtumiaji anazihitaji ili ahame salama bado hazijasanifishwa vya kutosha katika Kiswahili wala katika Kinyarwanda. Makala yanachambua maneno ‘bure’, ‘huria’ na ‘ku buntu’, kisha yanaonyesha jinsi neno moja lenye maana mbili linavyoweza kumpotezea mtu kazi yake yote. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa wanaisimu na kwa washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa programu huria katika Afrika Mashariki kwa kawaida huhusu ofisi za serikali, shule na vyuo. Michezo ya kompyuta hutajwa kwa nadra, na ikitajwa huonekana kuwa anasa isiyostahili kushughulisha watunga sera. Mtazamo huo unaacha nje jambo muhimu. Kwa kijana anayemiliki kompyuta, mchezo ndio mara nyingi unaoamua mfumo endeshi gani ubaki kwenye mashine. Anaweza kuandika barua kwa programu yoyote na kusoma habari kwa kivinjari chochote, lakini mchezo ulioandikwa kwa ajili ya Windows ulikuwa, kwa miaka mingi, haufunguki kwingineko. Kwa sababu hiyo, michezo ni kipimo kigumu kuliko vyote cha mfumo endeshi huria.

Aidha, kompyuta ya mchezaji haitumiki kwa mchezo peke yake. Mashine hiyo hiyo huandikiwa tasnifu, huhifadhiwa picha za familia, na hutumika kuomba huduma za serikali kupitia jukwaa la Irembo. Uamuzi wa kubadilisha mfumo endeshi, hata ukichochewa na mchezo, hugusa mambo hayo yote. Akikosea hatua moja, mchezaji anaweza kupoteza vitu ambavyo havihusiani na mchezo hata kidogo.

Kigali ni mahali pafaapo kulichunguza suala hili. Rwanda ina lugha rasmi nne: Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na, tangu 2017, Kiswahili. Kinyarwanda ni lugha ya karibu kila mwananchi. Kiswahili kina historia ndefu katika mitaa ya Nyamirambo na Biryogo, na ni lugha ya biashara inayopita katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, ambako shehena nyingi za Rwanda hushushwa. Mchezaji wa Kigali anaweza kusikia maelezo ya fundi kwa Kinyarwanda, kutazama mafunzo kwa Kiswahili, na kukuta maandishi ya kwenye kioo kwa Kiingereza. Panapokutana lugha tatu katika kitendo kimoja, udhaifu wa istilahi hujitokeza wazi.

2.0 Usuli: mfumo huria si mgeni Rwanda

Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, iliingia mikononi mwa watoto wa Rwanda mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Kuanzia 2008, chini ya mpango wa kila mtoto na kompyuta yake, serikali iligawa kompyuta mpakato ndogo za XO katika shule za msingi, na katika miaka iliyofuata idadi yake ilizidi 200,000. Mashine hizo ziliendeshwa na Linux, na juu yake kukawekwa mazingira ya kujifunzia yaitwayo Sugar.

Michezo nayo haikuwa mbali na mpango huo duniani. Mwishoni mwa 2007 kampuni ya Electronic Arts iliutoa mchezo wake wa awali wa kujenga mji, SimCity, kwa ajili ya kompyuta za XO. Mwezi Januari 2008 msimbo wake ulitolewa kwa umma chini ya leseni huria, na mchezo ukapewa jina la Micropolis. Mchezo wa kibiashara uligeuka kuwa mali ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua, kuichunguza na kuirekebisha.

Baadaye mwelekeo ulibadilika. Mwaka 2014 Rwanda iliingia mkataba na kampuni ya Positivo BGH, ambayo ilianza kuunganisha kompyuta jijini Kigali, na mashine zilizofuata katika shule zilitumia Windows. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Lakini matokeo yake ni kwamba kizazi kilichogusa Linux shuleni kilikulia katika Windows, na sasa Windows 10 imefikia mwisho wake.

Masharti ya Windows 11 yanahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakato cha karibuni. Kwa vichakato vya Intel, ukiacha vichache, mstari umechorwa kwenye kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Watumiaji binafsi wa Windows 10 walipewa nafasi ya kujiandikisha ili wapate masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Mwenye mashine ya zamani kuliko mstari huo ana njia chache: kununua nyingine, kuendelea na mfumo usiolindwa, au kuhamia mfumo mwingine.

3.0 Jinsi mchezo wa Windows unavyochezwa kwenye Linux

Mchezo ulioandikwa kwa ajili ya Windows hutoa maombi kwa mfumo endeshi: fungua faili hili, cheza sauti hii, chora umbo hili kwenye kioo. Linux inaweza kufanya kazi zote hizo, ila haielewi maombi yanapotolewa kwa namna ya Windows. Suluhisho lililopatikana linafanana na kazi ya mkalimani katika mkutano. Mkalimani hamgeuzi mzungumzaji kuwa mtu mwingine. Huketi kati ya pande mbili, akasikia kwa lugha moja na kutamka kwa nyingine papo hapo.

Mkalimani huyo ni programu ya Wine, iliyoanza kuandikwa mwaka 1993. Kwa robo karne ilifaa kwa baadhi ya programu na kushindwa kwa nyingi. Mabadiliko makubwa yalikuja Agosti 2018, pale kampuni ya Valve, inayoendesha duka la michezo la Steam, ilipotoa Proton. Proton ni Wine iliyoongezewa tabaka za kutafsiri michoro: maombi ya kuchora yaliyoandikwa kwa utaratibu wa DirectX hugeuzwa kuwa ya Vulkan, utaratibu wa wazi uliotolewa mwaka 2016 na kueleweka na kadi za michoro za kampuni mbalimbali. Mwaka 2022 Valve ilianza kuuza kifaa chake cha mkononi, Steam Deck, kinachotumia Linux, na kuanzia hapo waundaji wengi wa michezo wakawa na sababu ya kibiashara ya kuhakikisha michezo yao inafanya kazi chini ya Proton.

Kwa mtumiaji, kazi yote hiyo haionekani. Akishasakinisha Steam kwenye Linux, hubonyeza jina la mchezo na ukafunguka. Mafaili ya mchezo ni yale yale ya toleo la Windows. Jambo hili lina faida mahususi mahali ambapo gharama ya intaneti ni sehemu ya bajeti. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana mafaili ya mchezo, hivyo rafiki mwenye mchezo uliokwisha kupakuliwa anaweza kumpa mwenzake bila kutumia kifurushi cha intaneti kwa mafaili hayo, mradi kila mmoja ana haki ya kuucheza.

4.0 Mashine zipi, na mipaka gani

Maelezo ya jumla kwamba Linux hufufua kompyuta za zamani yanahitaji kupimwa. Kwa kazi za ofisi, yana ukweli mkubwa. Kwa michezo, yanategemea iwapo kifaa cha michoro kinaielewa Vulkan. Katika vichakato vya Intel, huduma kamili ya Vulkan kwenye Linux huanzia kizazi cha 6. Vizazi kadhaa vilivyotangulia vina huduma pungufu, na michezo mingi ya karibuni hushindwa kufunguka hapo.

Hivyo kuna kundi mahususi lenye manufaa ya wazi: mashine za kizazi cha 6 na cha 7. Windows 11 inazikataa karibu zote, lakini Vulkan inazikubali. Nguvu zake za michoro ni ndogo iwapo hazina kadi ya ziada, kwa hiyo zinafaa kwa michezo myepesi na ya miaka iliyopita. Mashine ya mezani ya umri huo yenye kadi ya AMD ya familia ya RX 470 hadi RX 580 hupata viendeshi huria vinavyokuja pamoja na mfumo wenyewe. Mwenye kadi ya NVIDIA ya familia ya GTX 10 hulazimika kutumia kiendeshi kisicho huria, na kampuni imetangaza kwamba mfululizo wa 580 ndio wa mwisho kuzihudumia kadi hizo.

Mpaka wa pili hauhusu nguvu za mashine. Michezo mingi ya ushindani mtandaoni huambatana na programu za kudhibiti udanganyifu, na baadhi ya programu hizo huingia ndani kabisa ya mfumo wa Windows. Waundaji wa programu mbili maarufu za aina hiyo, Easy Anti-Cheat na BattlEye, walifungua mlango kwa Proton mwaka 2021, lakini waliuacha uamuzi kwa kila mwenye mchezo. Wengine walikubali. Wengine, kama wenye Fortnite, hawajakubali, na wenye Apex Legends waliokuwa wamekubali waliufunga mlango huo mwishoni mwa 2024.

Kwa wapenzi wa kandanda, jambo hili lina uzito wa pekee. Matoleo ya karibuni ya EA Sports FC, mrithi wa FIFA, hutumia udhibiti wa namna hiyo na hayachezeki kwenye Linux. Katika eneo ambalo mpira wa miguu ni mazungumzo ya kila siku, mshauri anayemwambia kijana kwamba michezo yake yote itafanya kazi atakuwa amemdanganya. Kijana akigundua hivyo baada ya kufuta Windows, hatamwamini tena mshauri huyo, wala programu huria. Kwa upande mwingine, Dota 2 na Counter-Strike 2 zina matoleo yaliyoandikwa kwa ajili ya Linux moja kwa moja, na michezo huria kama 0 A.D. na SuperTuxKart haina gharama wala masharti ya aina hiyo.

Kwa hiyo ushauri sahihi kwa mchezaji si ‘hama’ wala ‘usihame’. Ushauri ni kuorodhesha michezo anayoicheza kwa hakika, kuchunguza hali ya kila mmoja, kuangalia kizazi cha kichakato na aina ya kadi, kuhifadhi nakala ya kazi zake kwenye diski nyingine, na ikiwezekana kuweka mifumo miwili kwenye mashine moja kwa muda wa majaribio. Kila hatua kati ya hizo hutegemea maneno.

5.0 ‘Bure’, ‘huria’ na ‘ku buntu’

Neno la kwanza linaloleta utata ni lile linalobeba wazo lenyewe. Kiingereza hutumia neno moja kwa uhuru na kwa kutolipa, na watetezi wa programu huria wamelazimika kufafanua tofauti hiyo tangu miaka ya 1980. Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa kina ‘huru’ na ‘huria’ upande mmoja, na ‘bure’ upande mwingine. Hata hivyo kina tatizo jingine. ‘Bure’ humaanisha bila malipo, na pia bila faida: aliyehangaika bure hakupata kitu. Fundi anayemwelezea mteja Linux kuwa ni mfumo wa bure anaweza kueleweka kuwa anazungumzia kitu hafifu, kinachotolewa kwa sababu hakuna anayekitaka.

‘Huria’ ni istilahi bora, na tayari ina mizizi. Msomaji wa Kiswahili analijua neno hilo katika ‘soko huria’ na katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mfano wa chuo hicho unasaidia sana kufundishia, kwa sababu kila mtu anajua kwamba wanafunzi wake hulipa ada. Uhuria wake upo katika milango iliyo wazi. Vivyo hivyo, uhuria wa programu upo katika haki nne: kuitumia kwa lengo lolote, kuuchunguza msimbo wake, kuisambaza, na kuirekebisha. Bei ni suala la pembeni.

Kinyarwanda kinaleta tofauti nyingine yenye kuvutia. Moja ya matoleo mashuhuri ya Linux, lililotoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004, linaitwa Ubuntu, jina lililochukuliwa kutoka lugha za kusini mwa Afrika kwa maana ya utu. Katika Kinyarwanda, utu huitwa ‘ubumuntu’, na ‘ubuntu’ ni ukarimu. Kutokana na neno hilo hupatikana ‘ku buntu’, yaani bila malipo. Kitu kisicho na thamani au kazi isiyo na matokeo hutajwa kwa neno jingine kabisa, ‘ubusa’. Hivyo Kinyarwanda kimetenganisha vitu viwili ambavyo ‘bure’ ya Kiswahili huviunganisha: kinachotolewa kwa ukarimu, na kisichofaa kitu.

Mnyarwanda akiliona jina Ubuntu kwenye kioo, huenda akasoma ndani yake ukarimu na kutolipa. Usomaji huo una heshima kuliko ‘bure’, lakini nao una upungufu wake. Anayepokea zawadi hushukuru na haulizi haki zake. Mtumiaji wa programu huria hapewi hisani; anazo haki kwa mujibu wa leseni, ikiwamo haki ya kurekebisha tafsiri mbovu anayoiona. Kwa hiyo maelezo mazuri jijini Kigali yanaweza kuyatumia maneno yote mawili kwa zamu: ‘ku buntu’ kueleza kwa nini halipi, na ‘huria’ kueleza anaruhusiwa kufanya nini.

6.0 Maneno yanayoweza kufuta kazi ya mtu

Utata wa ‘bure’ huharibu sifa ya mfumo. Utata wa istilahi za usakinishaji huharibu mali ya mtumiaji. Mfano ulio wazi ni neno ‘kiendeshi’. Katika maandishi ya TEHAMA kwa Kiswahili, neno hili hutumika kwa vitu viwili. Cha kwanza ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa, kama kadi ya michoro. Cha pili ni kifaa cha kuhifadhia data, yaani diski. Ichukuliwe sasa sentensi hii ya maelekezo: ‘Ondoa kiendeshi cha zamani kabla ya kusakinisha kipya.’ Msomaji mmoja ataondoa programu ya kadi ya michoro, na asipoteze chochote. Msomaji mwingine atafuta diski nzima, pamoja na tasnifu, picha na michezo. Sentensi ni sanifu kisarufi, na wasomaji wote wawili wamefuata maana iliyomo kwenye matumizi.

Mfano wa pili ni wa mafundi. Mitaani, hasa Tanzania, kusakinisha mfumo upya huitwa ‘kupiga Windows’. Usemi huu unaunganisha vitendo viwili, kufuta kilichopo na kuweka kipya, katika kitenzi kimoja. Kwa muda mrefu muungano huo haukuwa na madhara makubwa kwa kuwa ndivyo kazi ilivyofanyika. Lakini anayehamia Linux ana chaguo la tatu, la kuweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani, na ‘kupiga’ hakuachi nafasi ya kulitaja. Mteja anayesema ‘nipigie Linux’ huenda akapata zaidi ya alichokiomba.

Mfano wa tatu ni sehemu ya diski. Baadhi ya tafsiri hutumia ‘kizigeu’, neno la kitu kinachotenganisha nafasi, kama ukuta mwembamba au pazia. Katika kompyuta kinachofutwa ni chumba chenyewe na vilivyomo ndani yake. Anayeambiwa ‘futa kizigeu’ anaweza kudhani anabomoa ukuta ili kupata nafasi kubwa zaidi, kumbe anateketeza vyombo. ‘Futa sehemu hii ya diski pamoja na mafaili yote yaliyomo’ ni maelezo marefu zaidi, lakini hayamdanganyi mtu.

Mifano hii inaonyesha kigezo ambacho uundaji wa istilahi mara nyingi hukisahau. Istilahi hupimwa kwa ufupi, kwa upatanifu na mofolojia ya lugha, na kwa kukubalika kwake. Katika maelekezo yenye hatari, kuna kipimo kinachotangulia vyote hivyo: msomaji akisoma neno hili, anaweza kusema kwa hakika mafaili yake yatapatwa na nini?

Uwezo wa kuunda maneno yanayokubalika upo. Kinyarwanda huiita kompyuta ‘mudasobwa’, neno lenye wazo la asiyekosea, na intaneti huiita ‘murandasi’. Maneno yote mawili yameenea katika matumizi ya kila siku. Kiswahili kwa upande wake kina ‘tarakilishi’ na ‘ngamizi’, ambayo hayajaishinda ‘kompyuta’, lakini kina pia ‘nywila’, ‘kupakua’ na ‘kusakinisha’, yanayozidi kuzoeleka. Kilichokosekana ni utunzaji wa maneno hayo pamoja, kama mfumo mmoja usiojipinga.

7.0 Somo la tafsiri zilizotangulia

Historia ya tafsiri za programu katika eneo hili inaonyesha mahali tatizo lilipo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maandishi ya Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa, na ilithibitisha kwamba lugha haina upungufu wa kimaumbile. Kwa upande wa Kinyarwanda, programu kadhaa za mradi wa GNU bado zina mafaili ya tafsiri yaliyotayarishwa mwaka 2005. Programu zenyewe zimebadilika kwa miaka ishirini, na kila ujumbe mpya unaoongezwa bila kutafsiriwa hujitokeza kwa Kiingereza katikati ya Kinyarwanda.

Ni haki kusema kwamba Microsoft nayo imetoa violesura vya Kiswahili na vya Kinyarwanda kwa Windows. Kwa hiyo kuwapo kwa lugha za Afrika Mashariki kwenye kioo si sifa ya programu huria pekee. Tofauti ni nani anayeweza kusahihisha. Mwanaisimu wa Kigali anayeliona kosa katika programu isiyo huria anaweza kulalamika na kusubiri. Akiliona katika programu huria anaweza kuandika neno sahihi na kulipeleka likaingizwa katika toleo linalofuata. Haki hiyo, hata hivyo, haina faida isipotumika, na mafaili ya 2005 ni ushahidi kwamba haikutumika vya kutosha.

Kigali yenyewe imeonyesha kuwa ushiriki wa umma unawezekana. Kuanzia 2019 kampuni ya Digital Umuganda iliwahamasisha wananchi kusoma sentensi kwa sauti kwa ajili ya mradi wa Common Voice wa Mozilla, na Kinyarwanda kikakusanya zaidi ya saa 2,000 za sauti, kiasi kilichokipa nafasi ya mbele miongoni mwa lugha zote za mradi huo. Jina la kampuni limetokana na ‘umuganda’, kazi ya pamoja ya kijamii ambayo Wanyarwanda huifanya kila mwezi. Kutunza istilahi za mfumo endeshi ni kazi ndogo zaidi kuliko hiyo, ingawa inahitaji kurudiwa kila toleo jipya linapotoka.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mabaraza ya lugha na Inteko y’Umuco ya Rwanda, itayarishe faharasa fupi ya istilahi za kusakinisha mfumo endeshi kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Faharasa hiyo ianze na maneno yenye hatari. ‘Diski’ ibaki kwa kifaa cha kuhifadhia, ‘kiendeshi’ ibaki kwa programu ya kifaa, na ‘kufuta’, ‘kusakinisha upya’ na ‘kusakinisha kando’ yatenganishwe kabisa.

Pili, istilahi zijaribiwe kwa watumiaji kabla ya kuidhinishwa. Wachezaji na mafundi wasomeshwe sentensi za maelekezo, kisha waulizwe watafanya nini na mafaili yatakuwaje. Istilahi inayoleta majibu mawili irudishwe mezani.

Tatu, istilahi zilizoidhinishwa zipelekwe moja kwa moja katika miradi ya programu huria, na vyuo vikuu viihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya mazoezi ya wanafunzi wa isimu na tafsiri. Faharasa inayobaki katika kitabu haimfikii mtu aliye mbele ya kioo.

Nne, vyuo na watoa huduma wa intaneti wahifadhi nchini nakala za matoleo makuu ya Linux, zipatikane kupitia kituo cha ndani cha kubadilishana data. Mfumo endeshi ni faili la gigabaiti kadhaa, na masasisho yake hayaishi.

Tano, sera ya taka za kielektroniki izingatie mfumo endeshi. Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka hizo wilayani Bugesera. Kompyuta ya kizazi cha 6 au cha 7 iliyokataliwa na Windows 11 ipimwe kwanza iwapo inaweza kutumika na mfumo mwingine, kabla ya kuvunjwavunjwa.

Sita, yeyote anayehimiza uhamaji aeleze mipaka yake waziwazi, hasa michezo ya kandanda na ya ushindani mtandaoni.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuhamia mfumo endeshi huria kwa ajili ya michezo ya kompyuta ni jambo linalowezekana kwa wachezaji wengi wa Kigali, na lisilofaa bado kwa wengine, kutegemea mashine zao na michezo wanayoipenda. Mchezaji anayefahamu hayo anaweza kuamua mwenyewe. Ili afahamu, anahitaji maelezo yaliyoandikwa kwa maneno yasiyo na maana mbili, katika lugha anayoimudu. Teknolojia ya kumfasiria mchezo wake ilichukua robo karne kukomaa na ilitengenezwa mbali na Afrika Mashariki. Kazi iliyobaki, ya kuhakikisha kwamba neno ‘kiendeshi’ halimfutii mtu tasnifu yake, ni ya wanaisimu wa eneo hili, na hakuna mwingine atakayeifanya kwa niaba yao.